Sahani Isiyo na Muhuri

Beni ni mji wa njia panda, na kila njia ina chakula chake. Kusini, kutoka Butembo, huteremka viazi, kabichi, liki na maharage ya milima ya Lubero. Mashariki, kutoka mpaka wa Kasindi, huja sukari, chumvi, unga wa ngano, mafuta ya kupikia na mchele ulioshushwa bandarini Mombasa. Kaskazini, kutoka Oicha na Eringeti, huja mpunga wa huko huko na mikungu ya ndizi. Magharibi, kutoka Mangina na misitu ya kuelekea Mambasa, huja ndizi tena, na mawese. Samaki ni wa Ziwa Edward, wanatoka Kyavinyonga. Basi ukikaa mezani Beni mchana, usiharakishe kunawa. Tazama kwanza kilichopo, kisha uliza kisichokuwepo. Utajua barabara ipi iko wazi na ipi imefungwa, na mara nyingi utajua kabla redio haijatangaza.

Mimi si mwandishi wa habari wala si mtu wa mashirika. Kazi yangu ni kahawa. Naishi Moshi, natumwa na wanunuzi kwenda kuonja arabika ya vyama vya ushirika vilivyoko ubavuni mwa Ruwenzori upande wa Kongo, na ile inayokusanywa na wafanyabiashara wa Butembo. Mwonjaji hula kwa hadhari. Pilipili mbichi iliyotwangwa ikishapita ulimini, kahawa itakayofuata haisemi kitu mpaka kesho yake. Nimezoea kukagua sahani kabla ya kuigusa, na pengine ndiyo sababu nimeyaona haya.

Njia yangu ni ya Uganda, kupitia Kasese na Mpondwe. Kongo ya mashariki iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, kwa hiyo msafiri anavuka daraja akiwa na njaa ya mchana halali, na upande wa pili anaambiwa mchana bado. Tumbo halina habari na mambo hayo. Kasindi unaweza kula wali na maharage kibandani na kulipa kwa shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo au dola, mradi noti ya dola iwe haina hata ufa wa ukucha. Noti iliyochanika pembeni, hata ikiwa ya dola 50, watakurudishia kwa upole, kama mtu anayekurudishia kitambaa ulichoangusha.

Kutoka hapo hadi Beni ni kama kilomita 80, ukipita ndani ya Hifadhi ya Virunga na kuvuka mto Semliki. Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walikutana mpakani hapo kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223, na kipande hiki kimo, pamoja na kile cha kilomita 54 kutoka Beni hadi Butembo. Nimeipita ikiwa tope, nikaipita ikiwa vumbi la makatapila. Sehemu nyingine magari husubiriana yapite kwa msafara wenye askari. Ukifika Beni na njaa, si ajabu.

Na ukifika kwa kazi, unapelekwa hotelini.

Hoteli yenyewe siitaji, na kusema kweli ningeweza kuwa nazungumzia kadhaa. Menyu imevishwa nailoni, imeandikwa kwa Kifaransa, ni ndefu kama orodha ya wapiga kura. Kuna bifsteki, kuna samaki wa aina tatu, kuna sungura kwa mchuzi wa haradali. Mhudumu amesimama na kalamu, anaandika kila unachoagiza, anaingia jikoni, anarudi. "Hiyo imeisha, papa." Unataja cha pili, anaandika, anaingia, anarudi. Baada ya mzunguko wa tatu anakuonea huruma: "Kuku iko. Na frite." Ungeuliza tangu mwanzo ungeokoa muda, ila menyu ipo mezani, na adabu inataka uisome. Kisha kuku anakwenda kutafutwa. Huwa nasikia pikipiki ikiondoka uani dakika hiyo hiyo, na najua imekwenda kumleta.

Ukumbini wanakaa wenzangu wa safari za kazi. Wana vizibao vyenye nembo, vitambulisho vifuani, kompyuta zimefunguliwa kando ya soda. Wengi wametumwa kuandika ripoti ya hali ya eneo: masoko, usalama, bei, uhamaji wa watu. Tangu Goma ilipotwaliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini kuhamia Beni, wageni wa namna hii wameongezeka na vyumba vimekuwa haba. Wote wanakula kuku na viazi vya kukaanga. Wanaulizana kama kweli barabara ya Kyavinyonga imefungwa. Mmoja anampigia simu mtu wa Goma, mwingine anampigia mtu wa Kinshasa.

Mama mmoja wa Bungulu analijua jibu tangu alfajiri.

Bungulu ni mojawapo ya komini nne za mji wa Beni. Nyingine ni Beu, Mulekera na Ruwenzori. Msimu wa kakao ukiwa umeshika, huhitaji kuelekezwa. Mbegu zinaanikwa juu ya maturubai kando ya njia, na harufu yake, chachu kidogo, kama siki iliyotiwa kwenye unga, inaingia mpaka ndani ya nyumba. Hii imekuwa nchi ya kakao baada ya ugonjwa wa mnyauko kuimaliza kahawa ya robusta mnamo miaka ya 1990. Mimi mtu wa kahawa napita hapo nikiwa na wivu kidogo.

Nyumba ya chakula ya mama huyu haina jina ukutani. Ina mabenchi, meza zilizofunikwa vitambaa vya plastiki vya maua, na pazia mlangoni lililofungwa fundo ili hewa ipite. Mlangoni kuna ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Ndoo hiyo ni ya enzi za Ebola. Mlipuko ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukaingia Beni na Butembo, na mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Siku hizo hukuingia mahali pa kula bila kunawa kwa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso, na watu walisalimiana kwa viwiko. Kipimajoto kimeondoka, klorini imeondoka. Ndoo imebaki, na asiyenawa anatazamwa na benchi zima.

Menyu hakuna. Kuna mama.

"Karibu, papa. Kula iko."

"Leo iko nini, mama?"

"Fufu iko, wali iko. Sombe iko, mbuzi iko, maharagi iko. Samaki hapana. Gari ya Kyavinyonga haiyafika tangu juzi."

Hiyo ndiyo taarifa. Haikuombwa, haikuandikwa, imetolewa na mtu mwenye mwiko mkononi. Kama kuna mtu mjini ambaye riziki yake inategemea kujua gari gani limefika na gari gani limekwama, ni yeye. Sungura wa haradali angempa hasara. Hawezi kuorodhesha kile ambacho huenda kikapatikana. Anapika alichokinunua asubuhi, na kufikia saa tisa kimekwisha, anaosha masufuria, anafunga.

Niliomba siku moja nikae jikoni nimtazame akisonga, na akacheka sana, kwa sababu mwanamume wa umri wangu hana kazi jikoni. Sufuria iko juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, maji yanachemka. Unga wa muhogo unaingia kwa konzi. Halafu sufuria inateremshwa chini, anaikanyagia vipini kwa miguu miwili ili isizunguke, anashika mwiko mrefu kama kasia kwa mikono yote, anasonga akiegemeza mwili mzima. Fufu inageuka kutoka nyeupe ya chokaa kuwa ya kijivu ing'aayo, inavutika, inaanza kutoa sauti ya kubanduka. Hapo anachovya bakuli majini, anakata donge, analizungusha ndani ya bakuli mpaka linakuwa mviringo usio na ufa, analifunga kwenye karatasi ya nailoni lisipoe. Linalofuata. Hazungumzi akisonga, na wasichana wanaomsaidia wanajua wasimwite.

Sombe yake ndiyo inayonirudisha. Majani ya muhogo yanatwangwa kwenye kinu yakiwa mabichi, yanachemshwa mpaka ule ukali wote umetoka, ndipo yanatiwa mawese, kitunguu, liki na biringanya, na siku za neema kipande cha samaki mkavu anayeyeyukia humo. Watu wa pwani wanaokula kisamvu kwa nazi wataona ni ndugu, lakini ndugu aliyelelewa msituni: mawese yana uzito wa moshi ambao nazi haina. Hiyo ni kauli ya ulimi wangu, na Mzaramo ana haki ya kubisha.

Liki ikiwemo ndani ya sombe, ujue gari la Butembo limefika. Isipokuwemo, uliza. Viazi vikipanda bei, uliza. Oktoba 2022, M23 walipoishika Rutshuru, barabara ya Goma kwenda Butembo ilikatika, na sambaza wa Ziwa Kivu, wale dagaa waliopandikizwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakawa adimu mezani. Juni 2024 Kanyabayonga nayo ikatwaliwa, na watu wa kusini mwa Lubero wakaanza kufika Butembo na Beni wakiwa na magodoro vichwani. Mkulima aliyekimbia havuni. Aliyezoea kula viazi kwa mama alianza kula ndizi za Mangina.

Kuna kitu kimoja sahanini ambacho hakipandi gari. Majani ya sombe yanatoka mashamba ya karibu, pembeni mwa mji, pengine kule Mayangose ambako mashamba yanapakana na hifadhi. Wanawake wanayaleta kichwani. Tangu Oktoba 2014 watu wa wilaya ya Beni wamekuwa wakiuawa mashambani na vijijini kwa mapanga na risasi, mauaji ambayo kwa sehemu kubwa yanahusishwa na waasi wa ADF. Operesheni ya pamoja ya majeshi ya Kongo na Uganda ilianza mwisho wa Novemba 2021 na haijayamaliza. Wiki ambayo kumesikika milio, fungu la sombe linapungua na bei inapanda. Nilipomuuliza mama kwa nini sahani ya sombe imekuwa ndogo, alijibu bila kuacha kupakua: "Watu wanaogopa kwenda shamba, papa. Kesho labda." Kesho yake ilikuwa ya kawaida, na hakuna aliyetoa maelezo. Waliokwenda shamba walikwenda.

Sisemi haya ili kupunguza uzito wa hofu ya wenye hoteli na wageni wao. Tarehe 25 Desemba 2021, jioni ya Krismasi, mtu alijilipua mlangoni mwa mkahawa uliojaa watu hapo Beni, akaua watu wasiopungua watano pamoja na nafsi yake. Baada ya hapo jioni ya mji ilifungwa. Hali ya dharura ya kijeshi ilikuwa imeshatangazwa jimboni tangu Mei mwaka huo, amri ya kutotoka usiku ikaja mapema zaidi, na waliokuwa wakichoma mbuzi usiku kandokando ya njia wakazima mbabula zao. Mashirika yakaandikia wafanyakazi wao wasikae mahali penye umati. Siwalaumu. Lakini chakula cha Beni kimehamia mchana tangu hapo, na mchana, benchi la mama wa Bungulu lina motari, yaani waendesha pikipiki, wanaosubiri abiria, lina walimu, wachuuzi wa kakao, na polisi mmoja aliyeweka kofia yake mezani.

Butembo ni hadithi nyingine, na nitaipita haraka maana wengi wameshaiandika. Ni kilomita 54 tu, lakini unapanda kutoka joto la Beni hadi mji wa baridi, karibu na ikweta na bado unahitaji sweta. Ni mji wa wafanyabiashara. Wakubwa wao wamekuwa wakienda Dubai na Guangzhou kwa miaka mingi, na wanarudi na kontena bila kutegemea serikali ya mtu. Ulaji wao ni wa watu wenye haraka. Saa sita kamili maduka ya barabara kuu yanamimina watu, mikahawa inajaa, na kabla ya saa saba na nusu imekwisha kujaa mara mbili. Maharage na viazi, kabichi, nyama ya ng'ombe kidogo, fufu. Hakuna anayekaa kupiga soga. Mfanyabiashara mmoja aliyenialika alikula huku akihesabu magunia, na bei tulikubaliana mfupa wa mwisho ukiwa bado mkononi mwake. Nampendekeza kwa yeyote anayedhani mikutano ya kazi lazima iwe mirefu.

Kinachoniuma Butembo ni kahawa. Milima inayoonekana dirishani inazaa arabika ambayo nimeipa alama za juu mezani Moshi. Nyingine inavuka mpaka kwa magendo na kuuzwa kama ya Uganda. Lakini ukiagiza kahawa mkahawani unaletewa maji ya moto na kipakiti cha kahawa ya unga ya kukoroga, iliyotoka kiwandani ng'ambo. Niliuliza sababu, nikajibiwa kwamba hiyo ya hapa ni ya kuuza. Jibu lina hesabu sahihi, na kwa kuwa Moshi nako tunakunywa chai, nilinyamaza.

Turudi kwa wale wenzangu wa hotelini. Ukiwauliza kwa nini hawaendi Bungulu watataja usalama, nami nimeshasema nawaelewa. Ila sababu nzito zaidi haitajwi. Ni muhuri.

Ofisi nyingi zinazotuma watu Kivu zinarejesha pesa ya chakula kwa risiti, na risiti ni lazima iwe na muhuri. Hoteli ina muhuri. Mama hana. Sahani yake ya fufu na mbuzi, wakati dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000, haikufika dola 3. Kuku wa hoteli alikuwa mara nne ya hapo, lakini kuku alirejeshwa na mbuzi hakurejeshwa, kwa hiyo kwa msafiri wa kazi kuku ndiye wa bure. Hivyo mtu aliyetumwa kwa gharama kubwa kuja kujua bei za soko na hali ya barabara anafungiwa na karatasi mbali na meza ambako mambo hayo yanasemwa kila mchana bila malipo.

Na muhuri wenyewe una thamani gani? Katika hoteli moja, ambayo nayo siitaji, niliomba risiti ya chakula cha mchana. Kijana akatoa kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa zimeshagongwa muhuri zote, akaweka kalamu juu ya ukurasa mtupu, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Niandike ngapi, papa?" Ilikuwa huduma ya kawaida kwa wageni. Ukurasa ule ungepita kwa wahasibu bila swali.

Kwa mama, binti yake anayesoma sekondari ndiye mwandishi wa risiti. Anachana karatasi ya miraba kwenye daftari, anaandika tarehe, halafu mstari kwa mstari: fufu moja, mbuzi moja, sombe moja, maji moja. Anajumlisha, anahakiki jumla kwa midomo, anatia sahihi, na mama anatia ya kwake chini, herufi tatu zilizochorwa kwa uangalifu. Niliipeleka Moshi. Ilirudishwa na mstari mwekundu. Motari wangu aliposikia alinishauri nimchongeshee mama muhuri, kwa kuwa kuna mafundi wanaomaliza kazi hiyo kwa siku moja. Mama alikataa. Alisema mwenye muhuri hutafutwa na wakusanya kodi wa kila aina, wa kweli na wa uongo, na yeye wale waliopo wanamtosha.

Tangu hapo nalipa mchana wangu mwenyewe. Naweza, kwa sababu ni dola chache. Vijana wanaoanza kazi, ambao kila faranga ya posho ina mwenyewe nyumbani, hawawezi, na ndio wanaoandika ripoti.

Basi ombi langu ni kwa wahasibu, wa Moshi, wa Nairobi, wa Kampala, wa Kinshasa, na wa huko Ulaya wanakopelekewa hesabu za mwisho. Ikubalini karatasi ya daftari. Wekeni kikomo, dola 5 kwa mchana zinatosha na kubaki, na mkitaka uthibitisho, sahihi mbili na bei ya sahani vinasema ukweli kuliko kitabu kilichogongwa muhuri kabla ya mtu kula.

Na kwa msafiri atakayejaliwa kufika Bungulu: nenda kati ya saa sita na saa saba. Ukifika saa nane sombe itakuwa imekwisha, na wali uliobaki utakuwa wa mapolisi.